Meno ya kahawia: kuyafunika si dhambi, lakini tuanze na ndoo ya maji



Ndugu wasomaji, yapo maswali ambayo wagonjwa huyauliza wakiwa wameshafika mlangoni. Mama amekuja na mtoto mwenye homa, mtoto amepimwa, dawa amepewa, ameaga vizuri. Kisha anarudi hatua mbili, anaziba mdomo kwa ncha ya kanga na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, ni kweli kuna dawa nyeupe ya kufunika meno haya yetu? Binti ana sendofu baada ya Pasaka." (Kwetu kila muuguzi huitwa sista, hata mwenye mume na wajukuu kama mimi.)

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hata nimeona afadhali nilijibu hapa kwa wote. Tena baadhi ya wazee wa kanisa wamenitaka niseme kama jambo lenyewe ni majivuno au siyo. Nitasema na hilo, ingawa mimi ni muuguzi, si padre.

Kwanza tuelewane juu ya meno yenyewe. Sisi tunaoishi kuuzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngare Nanyuki hadi Maji ya Chai na Usa River, tunajulikana kila tuendako kwa meno yetu. Kijana akifika Dar es Salaam, kabla hajataja kwao, watu wameshamwambia, "Wewe wa Arusha." Meno hayo si uchafu, si tumbaku, si laana ya ukoo, wala mtoto hayarithi kwa baba yake kama anavyorithi pua. Ni maji. Mlima wetu ulitokana na moto wa chini ya ardhi, na mawe yake yana madini yaitwayo floraidi ambayo huyeyuka na kuingia katika chemchemi, mito na visima. Hatuko peke yetu. Bonde lote la Ufa, tangu Ethiopia, kupitia Naivasha na Nakuru huko Kenya, mpaka kwetu, lina taabu hiyo hiyo.

Floraidi ikiwa kidogo huimarisha meno, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya mswaki. Ikizidi, huharibu jino wakati linapoumbwa ndani ya ufizi, kabla halijaonekana. Gamba la nje la jino, ambalo lingekuwa gumu na lenye kung'aa, hubaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino linapoota huwa na weupe kama wa chaki. Baadaye vile vitundu hunywa rangi, na miaka inavyopita jino hugeuka manjano, kisha kahawia, na lililoathirika sana huanza kumeguka. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwetu iko mito na chemchemi iliyopimwa ikakutwa na zaidi ya miligramu 10. Nchi yetu yenyewe, kwa kukosa njia nyingine, tangu miaka ya 1970 iliruhusu maji yenye miligramu 8, baadaye ikashusha kuwa 4, na sasa kiwango ni hicho hicho cha 1.5. Lakini kubadilisha kiwango katika karatasi hakubadilishi maji yaliyomo mtoni.

Mimi ni mtoto wa huku, na meno yangu ni ya kahawia. Nilipokwenda kusomea uuguzi mkoa mwingine, mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa zima navuta sigara ngapi kwa siku. Nilikuwa sijawahi kuishika. Tangu siku hiyo nilijifunza kucheka mdomo umefungwa, na picha zangu zote za chuo ziko hivyo. Naeleza haya ili msidhani kwamba nayazungumza kwa mbali.

Pamoja na hayo, nilipokuwa muuguzi kijana nilifanya kosa ambalo hadi leo linanisumbua. Binti mmoja wa Kidato cha Nne alikuja kwangu peke yake akaniuliza kama hospitali ina namna ya kusafisha meno yake. Wenzake shuleni walimpa jina la utani, na hakutaka tena kusoma somo kanisani kwa sababu ilimbidi afungue mdomo mbele ya watu. Nilimjibu haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu, kwamba uzuri wa mtu uko moyoni, asali na arudi kwenye vitabu. Niliona nimemshauri vema. Miezi miwili baadaye mama yake alimleta akiwa amevimba uso. Alikuwa amekwenda kwa mtu mmoja mjini ambaye si daktari, akasuguliwa meno ya mbele kwa tupa mpaka gamba lote likaisha, kisha akapakwa kitu chenye kuunguza, nadhani ni tindikali ya betri. Meno mawili ya juu ilibidi yang'olewe. Alikuja kwangu kwanza. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Basi nikisikia mtu mzima akimwambia kijana, "Mungu hakukosea kukuumba hivyo," huwa nauliza: Mungu ndiye aliyeyapaka kahawia? Mtoto mwenye mguu uliopinda tunampeleka kunyoshwa mguu, na hakuna anayesema tunamsahihisha Muumba. Aliyeungua uso akishonwa vizuri tunamshukuru daktari. Meno ya kahawia ni kovu lililoachwa na maji. Kovu lisipouma laweza kuachwa, na wengi tumeyaacha. Lakini kijana anayekataa kuimba kwaya, anayekwenda kwenye usaili wa kazi ameziba mdomo, au ambaye wazazi wa mchumba wake wamemwita mchafu, huyo ana mzigo. Kumtua mzigo si majivuno. Majivuno yapo, nayo nimeyaona: yuko mwenye meno mazuri kabisa, meupe, aliyetaka yafunikwe ili yawe kama ya mtu wa kwenye televisheni. Huyo nilimwambia abaki na meno aliyopewa na ampe mama yake hizo fedha.

Sasa nieleze dawa yenyewe ni nini, maana yanazungumzwa mengi. Ni dawa ile ile ya kuzibia meno, yenye rangi ya jino, ambayo madaktari huiita kompositi. Ni mchanganyiko wa aina ya plastiki na unga laini sana wa kioo. Chanzo chake ni kazi ya watu wawili wa Marekani. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba gamba la jino likipakwa asidi kwa muda mfupi huwa na mikwaruzo midogo midogo, na plastiki hushika hapo kama lipu inavyoshika ukuta uliochongwa. Mwaka 1962 Ray Bowen akapata hataza ya dawa yenyewe iliyo ngumu ya kutosha kutafunia. Kwa hiyo si kitu cha juzi. Ni sisi ambao kimechelewa kutufikia.

Kazi hufanyika hivi. Daktari husafisha jino, kisha huchagua rangi kwa mwanga wa mchana kabla jino halijakauka, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Hupaka asidi nzito kama uji kwa sekunde 15 hadi 30, huiosha kwa maji mengi, hulikausha jino, hupaka gundi, kisha huweka dawa yenyewe, ambayo ni laini kama unga uliokandwa. Huitandaza na kuichonga, halafu huimulika kwa taa ya buluu. Ndani ya sekunde 20 hivi huwa ngumu. Juu yake huweka tabaka jingine, hivyo hivyo, na mwisho hulainisha na kung'arisha. Usiitazame taa ile kwa macho. Omba miwani ya rangi ya machungwa kama hukupewa. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, na jino moja huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Mwenye meno sita ya mbele ajue kwamba atarudi zaidi ya mara moja, au atakaa kitini nusu siku.

Jambo kubwa ni ukavu. Tone moja la mate au damu ya ufizi likiingia kati ya jino na gundi, dawa haitashika. Itaonekana nzuri siku ya harusi na kubanduka siku ya kutimiza mwezi. Ndiyo maana mwenye ufizi unaotoka damu hutibiwa ufizi kwanza. Wapo wanaokasirika wakiambiwa warudi baada ya wiki mbili. Wasikasirike. Anayekubali kukufunika meno juu ya ufizi unaovuja damu ndiye wa kuogopwa.

Meno yetu haya yana ugumu wake pia. Gamba lililoharibiwa na floraidi halishiki gundi vizuri kama gamba zima, na lililoharibika sana laweza kumeguka pamoja na dawa. Huenda daktari akalazimika kuondoa kidogo sehemu ya juu iliyooza rangi, na kuweka kwanza tabaka zito la kuficha kahawia ili isionekane kwa chini. Kwa meno yenye madoa mepesi tu huenda dawa hiyo isihitajike kabisa: kuna njia ya kusugua gamba la juu kwa dawa maalumu, na kuna ya kung'arisha, zote chini ya mikono ya daktari. Nawaomba mwulize kwanza kama mojawapo ya hizo inatosha.

Na dawa hii si ya milele. Hukaa kwa kawaida miaka mitano hadi saba. Mwenye kujitunza huenda zaidi, mwenye kufungulia soda kwa meno hafiki mwaka. Hunywa rangi ya chai na ya tumbaku. Hukatika ukitafuna mfupa, ukimenya muwa, ukikata uzi. Ikikatika hurekebishwa, lakini kurekebisha ni fedha tena. Familia inapokaa kikao cha kuchangia sendofu na kuweka fungu la meno ya binti, yafaa ijiulize ni nani atakayelipa miaka sita baadaye, binti akiwa na watoto watatu. Sisemi wasiweke. Nasema waulize bei ya jino moja, waizidishe, na wakumbuke kwamba watakuja tena. Pia dawa hii haitibu jino linalouma. Jino lenye tundu huchimbwa na kuzibwa kwanza, na kulifunika tundu kwa weupe ni kama kupaka chokaa ukuta wenye mchwa.

Watoto wadogo wasifanyiwe kwa ajili ya urembo. Meno ya mbele yakishaota, ufizi huendelea kupanda kwa miaka kadhaa, na dawa iliyowekwa kwa mtoto wa miaka minane itaacha ukingo wa kahawia juu yake akifika kumi na miwili. Mtoto aliyeanguka na kuvunja kipande cha jino ni jambo jingine. Yeye aletwe siku hiyo hiyo, na kipande kitafutwe, kiwekwe ndani ya maziwa au maji, kije pamoja naye, maana mara nyingine daktari hukirudisha mahali pake kwa gundi hii hii. Wazazi wengi hukitupa juu ya paa.

Niseme kwa ufupi juu ya dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha, kwa kuwa wengine wameogopa na kutaka kuing'oa. Ina zebaki, na mataifa yalikubaliana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kupunguza matumizi yake, hasa kwa ajili ya mazingira. Kama unayo mdomoni na ni nzima, iache. Kuichimba bila sababu hutoa zebaki nyingi kuliko kuiacha.

Lililo baya zaidi siku hizi ni wale wa saluni na wa vibandani. Wapo wanaobandika vipande vya plastiki kwa gundi ya kucha za bandia. Wapo wanaosugua kwa tupa kama yule wa binti niliyemtaja. Wapo wanaowapa watu dawa ya kufulia nguo wasukutulie, na wengine hujisugulia wenyewe nyumbani kwa ndimu, mkaa au mchanga. Gundi ya kucha huunguza ufizi, na chini ya kile kipande chakula huoza kwa muda wote kilipo. Vyombo visivyochemshwa hupeleka virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Kabla ya kufungua mdomo, uliza kama aliye mbele yako ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au ni tabibu meno anayefanya kazi katika kituo kinachotambulika. Aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Ukiona hana mahali pa kuchemshia vyombo, havai glavu mpya, wala hakuandiki jina popote, inuka uende zako, hata kama umeshalipa kianzio.

Mwezi wa pili, tarehe 9, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, shahidi wa mwaka 249 au karibu na hapo, ambaye watesi walimvunja meno kabla hajafa kwa ajili ya imani. Wenye maumivu ya meno humwomba awasaidie. Ningependa siku hiyo kila kigango kisali, kisha kipime maji yake.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimeona familia zinazouza ng'ombe ili binti mkubwa afunikwe meno, na siku hiyo hiyo mtoto wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na nusu, anakorogewa uji kwa maji yale yale ya mtoni. Tunafuta sakafu huku bomba likiendelea kuvuja. Kwa nini nataja mwaka mmoja na nusu? Kwa sababu meno mawili makubwa ya mbele ya juu, yale ambayo kila mtu huyaona, huwa katika hatari zaidi kati ya miezi 15 na miezi 30 hivi ya maisha ya mtoto. Wakati huo hata meno ya utoto hajayamaliza, na yale ya ukubwani yamejificha juu ndani ya ufizi. Mama haoni chochote. Atakapoyaona, mtoto akiwa na miaka saba, yatakuwa yameshaumbwa na hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma. Meno mengine ya ukubwani huendelea kuumbwa hadi miaka minane hivi. Baada ya hapo maji hayawezi tena kuyapaka rangi kwa ndani.

Familia haiwezi kuondoa floraidi katika maji yote ya kuoga, kufulia na kunyweshea mifugo. Lakini mtoto mmoja mdogo hanywi pipa. Maji ya kunywa na ya kupikia uji wake ni lita chache kwa siku, na lita chache zapatikana.

La kwanza ni ziwa la mama. Mwili wa mama huizuia floraidi, na maziwa yake huwa nayo kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Kunyonyesha bila kumpa mtoto maji kwa miezi sita, na kuendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili, kunalinda na meno. La pili ni maji ya mvua. Bati, mfereji na simtanki, mvua ya kwanza ikiachwa ioshe paa, ni maji yasiyo na floraidi ya kutajika. Asiye na uwezo wa simtanki na awe na pipa moja la mvua lililofunikwa, liwe la mtoto tu, na maji yachemshwe kwa ajili ya vijidudu.

Na hapa nisikilizwe vizuri: kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakichemka na kupungua, floraidi hubaki yote ndani ya maji yaliyopungua. Vivyo hivyo maji maangavu si lazima yawe mazuri. Watu wengi huamini kwamba ni rangi ya mto wa Maji ya Chai inayopaka meno, lakini floraidi haina rangi wala harufu, na kisima chenye maji kama kioo chaweza kuwa kibaya kuliko mto. Hakuna njia ila kupima. Mhandisi wa maji wa wilaya aombwe, na barua ya jumuiya nzima hujibiwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Liko na suala la magadi, ambalo akina mama hawapendi kunisikia nikilitaja. Magadi ya kulainishia maharage na makande hutoka katika ardhi hiyo hiyo, na mengi yana floraidi nyingi sana. Yako maeneo ambako maji si mabaya na bado meno ya watoto ni ya kahawia, kwa sababu ya chungu. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Ukiona huwezi kuacha kabisa, basi chakula cha mtoto kipikwe pembeni bila magadi. Bibi atalalamika kwamba makande hayana ladha. Avumilie.

Ipo pia njia ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa utaratibu maalumu huwa mkaa unaonasa floraidi maji yanapopita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi, na huko Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha utengenezaji wa mkaa huo na vichujio vyake vya nyumbani na vya shule. Ndoo hiyo ina kasoro moja: mkaa ukishachoka, maji huendelea kutoka safi na matamu vile vile, na mwenye nyumba hajui kwamba hayachujwi tena. Lazima ubadilishwe kwa wakati na maji yapimwe. Wala usichome mifupa mwenyewe nyuma ya nyumba. Isipochomwa sawasawa maji hunuka, na watoto watarudi mtoni.

Kama Jimbo la jirani liliweza kufanya kazi hiyo, sioni kwa nini parokia zetu, ambazo kila mwaka huchangisha kwa ajili ya ukumbi, uzio na gari, zisiweke simtanki moja kubwa kwenye kila shule ya chekechea. Bati la kanisa ndilo paa kubwa kuliko yote kijijini, na mvua yake yote inamwagika barabarani. Nimelisema hili kwenye halmashauri ya walei mara mbili. Mara ya kwanza liliandikwa katika mengineyo. Mara ya pili tulipewa kamati. Nalisema hapa mara ya tatu.

Kama miaka sita iliyopita mama mmoja wa parokia yetu aliniuliza lile swali la mlangoni. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na mgongoni alikuwa amembeba mwanawe wa mwisho, aliyekuwa amepita mwaka mmoja kidogo. Nilimjibu yote mawili kwa pamoja. Nilimwandikia barua ya kumpeleka binti kwa daktari wa meno, nikamwambia kwamba ana haki ya kufanya hivyo na asione aibu. Kisha nikamwuliza huyu wa mgongoni anakunywa maji gani. Alinyamaza. Walikaa kikao, baba akapunguza fungu la muziki, wakanunua simtanki dogo la kuweka chini ya bati la jikoni, na magadi yakaacha kuingia katika chungu cha mtoto.

Binti alifunikwa meno manne ya juu, badala ya sita aliyoyataka. Yalipendeza. Mwaka huu amerudi kwa sababu moja limekatika pembeni na mengine yameanza kuwa manjano. Tumemwandikia tena barua kwa daktari, na safari hii mumewe ndiye anayelipa, kwa kunung'unika kidogo.

Mdogo wake ametimiza miaka saba. Juzi mama yake alimleta kliniki kwa ajili ya minyoo, nikamwambia apanue mdomo, nikamulika kwa tochi. Meno mawili ya juu yameota. Yana vidoa vyeupe kwenye ncha, vya kutafuta kwa tochi. Kahawia sikuiona.